Kibanja cha Mama na Vyumba Sita

Vijana wanaotaka kuanza biashara ya nyumba huja kwangu na daftari. Wanataka kujua mtaji wa kwanza niliutoa wapi, nani alinikopesha, niliweka nini rehani. Siwanyimi. Nawaambia kwamba leo nina nyumba Biharamulo, nina nyumba Ngara upande wa Nyamiaga, na nina kiwanja Mwanza, na kwamba hakuna hata kimoja nilichorithi. Nawaambia kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza wa Nyarubungo kurudi nyumbani na stashahada. Wanaandika. Kisha nawaambia kwamba mkopo wangu wa kwanza ulitoka kwa mzee mfugaji wa Nyamigogo, ng'ombe wanane, na kwamba niliulipa wote. Hilo pia wanaliandika, na ni kweli. Lakini sijapata kumweleza kijana yeyote yaliyotokea kati ya kukopa na kulipa.

Nilizaliwa Nyarubungo, katika kibanja ambacho baba alikirithi kwa baba yake: migomba, kahawa kidogo, maharage chini ya migomba. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, akazikwa nyuma ya nyumba kama walivyozikwa wazazi wake. Mama alibaki na mimi, mtoto pekee aliyepona katika watoto wake watano. Mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Uganda alinichukua, nikasomea huko. Wenzangu waliokwenda Uganda walirudi na baiskeli na redio. Mimi nilirudi na stashahada ya ujenzi, nimeiviringisha ndani ya bomba la bati ili mvua isiiguse. Wakati ule, katika wilaya nzima ya Biharamulo, wenye stashahada wangeweza kukaa benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki.

Nilirudi baada ya maisha kule kuwa magumu kwa wageni. Huku nilikuta nchi nzima imo katika shughuli ya vijiji. Watu walikuwa wanahamishwa kutoka mabondeni na kupangwa kando ya barabara, kila kaya na eneo lake. Kibanja chetu kilinusurika kwa sababu barabara yenyewe ilipita pembeni yake, hivyo kijiji kilitufuata sisi badala ya sisi kukifuata. Serikali ya kijiji iliponisikia nimesomea kupima na kujenga, ikaniita. Nilitembea na kamba na vigingi nikinyoosha mistari ya nyumba, na baadaye nikajenga zahanati na madarasa kwa malipo ya kazi. Mstari niliounyoosha mimi haujapinda mpaka leo. Nenda ukaangalie.

Katika kuzunguka huko niliona jambo ambalo wengine waliliona ni shida tu. Walimu, wauguzi na mabwana shamba waliokuwa wakipelekwa Biharamulo mjini hawakuwa na pa kulala. Nilimjua mwalimu aliyelala kwenye ghala la pamba mwaka mzima, akaenda darasani na nyuzi kichwani. Nikasema, nitajenga vyumba vya kupangisha.

Leo hilo ni jambo la kawaida. Siku zile mwenye nyumba ya kupangisha aliitwa mnyonyaji. Mimi sikuwa kiongozi wa chama wala mtumishi wa serikali, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kunizuia, lakini midomo haina sheria. Nikipita karibu na kilabu cha pombe, mmoja alikuwa akiwaambia wenzake, "Ficheni vibuyu, bepari wetu anapita na mrija wake." Walicheka mpaka wakakohoa. Nilicheka nao nikaendelea na safari, kwa sababu kiwanja nilikuwa nimekwisha kupewa kwa barua, na matofali nilikuwa nimeyafyatua na kuyachoma kwa mikono yangu. Mchoro ulikuwa kichwani: vyumba vitatu vikitazamana na vitatu, uwanja katikati, choo mwisho kabisa. Kilichokosekana ni fedha ya bati, saruji, mbao na misumari.

Nilianza benki. Karani aliniuliza hati ya ardhi. Nikamwambia nina kibanja chenye kahawa. Akanijibu kwa upole kwamba ardhi ni mali ya taifa, na migomba haiwezi kufungiwa kwenye sefu. Nikaenda ushirika. Wakasema wao wanakopesha jembe na mbegu, si nyumba ya mtu mmoja. Mwisho nikaenda kwenye chama cha kuzikana cha kijijini kwetu, ambacho kilikuwa na sanduku lenye kufuli mbili. Mama mtunza sanduku alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya mkutano, "Mwanangu, hela ya sanda haiezeki bati." Watu wakaangua kicheko. Niliondoka nimenyooka, lakini nilikuwa nimeumia.

Basi nikamwendea mzee wa Nyamigogo. Alikuwa Msukuma aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, akakaa, akaoa tena, akalea vijana. Nilipojenga zahanati ya upande ule alikuwa akiniletea maziwa bila kuombwa. Kiswahili chake kilibadilishana ra na la kama watu wawili waliovaliana viatu, lakini hakuna neno lake lililokuwa halieleweki.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba. Kaa."

Nilimfungulia mchoro. Hakuutazama. Hakuniuliza kodi itakuwa kiasi gani wala nyumba itamalizika lini. Aliniuliza baba yangu ni nani na amelala wapi. Nilipomwambia amelala nyuma ya nyumba Nyarubungo, na wazazi wake pembeni, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeoneshwa hati. Akasema atauza maksai wanane mnadani anipe fedha yote. Mimi nitamrudishia maksai wanane wa umri uleule. Si fedha.

"Hela huoza, baba," alisema. "Ng'ombe akioza, unamwona."

Mimi niliyesoma hesabu za riba nilicheka moyoni. Nilijiona nimempata mkopeshaji asiyejua kudai faida. Ilinichukua miaka kutambua kwamba nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyeijua fedha kuliko walimu wangu wote.

Rehani ilikuwa kibanja chetu. Alinipa misimu mitatu ya kahawa. Katika misimu hiyo kahawa itachumwa na yeye, na mama atabaki nyumbani kwake akila ndizi zake kama kawaida. Msimu wa tatu ukiisha sijalipa, kibanja kitashikwa naye mpaka ng'ombe warudi. Kwa mzee, hayo yalitosha kusemwa mbele ya mashahidi na mtungi wa pombe. Mimi ndiye niliyeleta karatasi.

Siku ya kuzungukia mipaka alikuja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu wa maneno machache aliyetunza desturi zetu sisi Wasubi kama wengine wanavyotunza mbegu. Kwetu, mtu akiweka kibanja rehani humtembeza mkopeshaji mpaka wote. Wakifika nyuma ya nyumba, mwenye kibanja husimama, hufunga jani kavu kwenye mgomba wa karibu na makaburi, na kusema kwamba hapa hapamo katika mazungumzo yetu. Mkopeshaji husema amesikia, na safari huendelea. Hakuna aliyekuwa akiuliza sababu. Pale wamelala waliokufa, na pale watalala waliobaki. Tena kila mtu anajua kwamba palipo kaburi la mzazi wako hapana wa kukuhamisha, kwa hiyo ni heri sehemu hiyo isiingie kabisa katika deni.

Karatasi yangu ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwa mwandiko mzuri, nakala mbili. Ilisema "kibanja chote, toka barabarani hadi kijitoni, pamoja na vyote vilivyomo, pasipo kubakiza." Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkataba wenye isipokuwa na isipokuwa ni kama paa lenye matundu. Tulipofika nyuma ya nyumba niliendelea kutembea.

Baba mdogo alibaki nyuma. "Hapa hujapaacha," alisema.

"Baba mdogo, hii ni rehani tu. Misimu mitatu nitakuwa nimelipa mara mbili."

"Sijasema hutalipa. Nimesema hujapaacha."

Nilimjibu kwamba mambo ya kufunga majani ni ya watu wasiojua kuandika. Tulirudi mbele ya nyumba, nikatoa wino.

"Kalatasi ya nini?" mzee aliuliza.

Nilimwambia ni ya kuwalinda watoto wake, ili yeye akiondoka duniani mtu asije akawadhulumu. Hilo lilimpendeza sana. Alilitazama dole gumba lake kwa muda, akalichovya, akalibandika. Balozi wa nyumba kumi akatia sahihi kama shahidi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea, haraka haraka, kama unavyomsomea mtu kitu kisichomhusu. Alipofikiria kidogo akauliza, "Na mimi nimo humo?"

"Mama, wewe si mgomba," nilimwambia.

Watu wote walicheka. Naye alicheka.

Nyumba ilisimama kabla ya msimu wa kwanza kwisha. Wapo waliojenga kubwa zaidi mjini pale, lakini sijaona iliyojengwa kwa haraka ile na kwa ukuta ulionyooka vile. Bati lilipopigwa, watu wa sokoni walikuwa wakilitazama huku wamekinga macho. Nilipata walimu wawili, muuguzi, karani na bwana mifugo. Chumba cha sita nilikaa mwenyewe. Kodi ya kwanza nilimnunulia mama kitenge na viatu. Kitenge alikivaa. Viatu alivining'iniza ukutani, akasema ardhi ya Nyarubungo ingemcheka.

Mzee alichuma kahawa yake msimu ule na uliofuata, na kila alipokuja alimletea mama maziwa. Mimi nilikuwa ninaweka fedha ya maksai kando. Kufikia msimu wa pili nilikuwa na fedha ya kutosha kununua watatu. Sikuwanunua. Nilijiambia ng'ombe hula na ng'ombe hufa, lakini fedha haili. Sehemu yake nilinunulia saruji ya nyumba ya pili, kwa sababu kibali cha saruji kilikuwa kimetoka na hakikutoka kila siku. Mjenzi yeyote wa siku zile angefanya hivyo.

Mzee alifariki mvua za mwisho wa mwaka wa pili. Nilikwenda msibani, nikawapa mkono vijana wake. Muda si mrefu redio ikatangaza vita na Uganda.

Biharamulo haikupigwa, lakini vita vilipita mlangoni kwetu. Magari ya jeshi yalikwenda kaskazini mfululizo mpaka bati langu likawa jekundu kwa vumbi. Vijana wa mgambo niliowajengea madarasa waliondoka wakiimba. Kisha wakaanza kushuka watu waliokimbia kutoka mpakani, na mikeka, na mbuzi, na watoto waliobeba sufuria vichwani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza juu yangu. Huyu kasomea kwa nduli. Kwenye foleni ya sukari, dukani, mtu mmoja aliwauliza wenzake nikiwa nasikia, "Hebu mwulizeni, stashahada yake imesainiwa na nani?" Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ukaitishwa mkutano uwanjani. Kiongozi aliomba kila mwenye nafasi awapokee wakimbizi, hata kona moja ya chumba. Nataka jambo hili lieleweke: hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniomba zaidi ya chumba kimoja. Nilisimama mwenyewe. Nikasema, "Vyumba vyangu vyote sita, bure, mpaka vita viishe."

Walinipigia makofi. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi nyumbani kwetu. Wapangaji wangu niliwatafutia pa kujibanza kwa wenzao, nami nikahamia kwenye ghala langu la saruji. Kodi ikakoma siku hiyohiyo. Sikujutia, na mpaka leo ninaposikia watu wakijisifu jinsi walivyoisaidia nchi, mimi huwa na la kusema.

Lakini vita havikumalizika kwa wiki mbili kama tulivyoambiana. Watu walikuwa wanatoa ng'ombe kwa ajili ya askari, na waliobaki nao hawakutaka kuuza. Bei ya maksai ilipanda kila mnada. Fedha yangu iliyotosha watatu, baada ya saruji na bei hizo, ikatosha mmoja, na mwenyewe mdogo. Ilikuwa imeoza, na mimi sikuona.

Msimu wa tatu ulipoisha, kijana mkubwa wa mzee alikuja na karatasi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na alisoma vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuja kwa ukali. Alisema baba yao amewaachia neno hili, nao ni wengi na ardhi yao ya Nyamigogo imekuwa ndogo. Yeye atahamia Nyarubungo na mke wake. Mama abaki, asiondoke. Akitaka mkungu wa ndizi, awaambie tu wamkatie.

Walimaanisha walichosema. Ila mama yangu alikuwa amekata ndizi katika kibanja kile tangu alipoolewa, na hakujua mtu anaanzaje kuomba ndizi aliyoipanda mwenyewe. Hakuwaambia kitu. Nilipokwenda kumwona baada ya majuma mawili, nilikuta majivu ya jikoni yamepoa tangu siku nyingi. Jirani alikuwa anampelekea viazi. Nilipomuuliza akasema hana njaa siku hizi, ni uzee. Nikampakia kwenye lori la mbao, nikamleta mjini.

Vyumba vyangu vilikuwa vimejaa. Nilimweka katika chumba cha sita, pamoja na bibi mmoja wa Kihaya aliyekimbia na wajukuu zake. Mmoja alisema Kisubi, mwingine Kihaya, na palipokwama waliweka Kiswahili kidogo. Walikaa uwanjani wakipukuchua maharage. Siku moja nikipita nilimsikia mama akimweleza yule bibi mgomba upi uko wapi: ule wa ndizi za kupika karibu na mlango, ule uliolala wakati wa upepo ukainuka. Bibi naye alikuwa anamweleza wa kwake. Sikuingia.

Vita vikasogea mbali, kaskazini kabisa. Watu wakaanza kusema wakimbizi watarudi kwao karibuni. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya kodi itakavyoanza tena. Kisha mama akashikwa na kifua. Dawa alipata, na muuguzi aliyekuwa mpangaji wangu alikuja kila asubuhi. Siku moja mama alinishika mkono akaniambia, "Nikimaliza, unipeleke kwa baba yako. Kushoto kwake."

"Utapona, mama."

"Sikuulizi kama nitapona."

Alifariki siku ya pili yake, asubuhi.

Mochwari haikuwapo. Mtu alizikwa siku ileile au kesho yake mapema. Nilikodi lori, nikamwachia baba mdogo, aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, mwili aulete taratibu, nami nikatangulia Nyarubungo kwa baiskeli. Kabla sijaondoka baba mdogo aliniambia nimsubiri, twende wote, tuchukue na wazee wawili. Nikamwambia nitayamaliza mwenyewe. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyamaliza mwenyewe.

Kijana mkubwa wa mzee nilimkuta mbele ya nyumba yetu, wadogo zake wakipalilia. Nikamwambia. Alivua kofia. Akanipa pole, akaniletea kigoda, akawaita wadogo zake waweke majembe chini. Nilimwomba sehemu moja ya kuzika, nyuma ya nyumba, kushoto kwa baba.

"Kaka," alisema, "mama yako alikuwa mama yetu. Lakini kaburi jipya likiingia pale, kibanja kimerudi kwenu. Unajua hivyo."

Nilimwambia nitaandika karatasi nyingine, kwamba kaburi hilo halina dai lolote.

Aliingia ndani akarudi na ile ya kwanza, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Hii ulituandikia wewe mwenyewe. Inasema pasipo kubakiza. Ya pili itasema nini?"

Akaendelea, "Basi tubadilishane. Tupe nyumba ya mjini, chukua kibanja leo hii, mzike mama yako."

"Kuna wakimbizi ndani," nilimwambia.

"Tutakaa nao."

Nilisimama pale, na mama yangu akiwa njiani ndani ya lori, nikapiga hesabu. Vyumba sita vya tofali la kuchoma na bati jipya. Wakimbizi wanaondoka mwezi huu au ujao. Kodi inarudi. Upande wa pili, migomba na kahawa iliyozeeka. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi tangu siku hiyo na kila mara inatoka vilevile. Ilikuwa sahihi.

"Hapana," nilisema. Nikapanda baiskeli.

Lori nililikuta barabarani. Baba mdogo alishuka, nikamweleza. Hakushangaa. Alisema hilo ni jibu la mlangoni tu, hakuna anayepewa kitu kikubwa kwa ombi la kwanza. Twende tena, yeye na mimi na wazee wawili, tukae chini, waseme, tuseme, jua bado liko juu.

"Sitamwomba mtu mara mbili," nilimwambia.

"Humwombi wewe. Tunamwombea mama yako."

Nikamwambia nimekwisha kulisikia jibu kwa masikio yangu. Tulimpeleka mama kwenye eneo la makaburi ya kijiji, lile lililo kando ya barabara, ambalo nililipima mimi kwa kamba mwaka wa vijiji. Lilikuwa na vigingi vyangu pembe nne na nyasi katikati. Hakuna aliyekuwa amezikwa humo, maana kila mtu alizika kwake. Mama alikuwa wa kwanza, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake. Baba mdogo alirusha udongo wake, akageuka, akaenda kwao kwa miguu. Hakunisema siku ile wala baadaye. Alinisalimu mpaka alipokufa, lakini hakuingia tena katika nyumba yangu yoyote.

Wakimbizi waliondoka. Yule bibi wa Kihaya alikuja kuniaga, akaniuliza kaburi liko wapi ili apite kumuaga rafiki yake. Nikamwelekeza barabarani. Alinitazama kana kwamba hajasikia vizuri, kisha akasema haya, mwanangu.

Wapangaji walirudi. Nyumba ile ilizaa ya pili, na ya pili ikazaa ya Ngara. Misimu miwili baadaye nilinunua maksai wanane mnadani, wazuri kuliko wale aliouza mzee, nikawaswaga mwenyewe kwa miguu mpaka Nyarubungo. Kijana mkubwa aliwatazama meno mmoja mmoja, akaridhika. Alinirudishia karatasi, akawaita majirani, mke wake akapika. Hawakunicheleweshea hata siku moja. Nimekopa kwa watu wengi tangu hapo, na sijapata tena watu waaminifu kama wale.

Baada ya kula alisema tuzunguke mipaka, anikabidhi. Tulitembea toka barabarani mpaka kijitoni na kurudi. Kahawa walikuwa wameipunguza matawi vizuri. Tulipofika nyuma ya nyumba niliona kaburi la baba limepaliliwa. Kushoto kwake maharage yalikuwa yamepandwa kila mahali, isipokuwa sehemu moja ya urefu wa mtu, ambayo ilikuwa tupu, imefagiliwa, haina hata mzizi wa kiazi.

Nikamuuliza kwa nini hawakupanda pale.

"Siku ile ulipoondoka, mdogo wangu alianza kuchimba," alisema. "Tulijua utarudi na wazee. Tulikaa hapa mpaka ng'ombe wakarudi malishoni. Kesho yake mvua ikanyesha, tukarudisha udongo." Kisha akaniuliza kama mtu anayetaka kujua tu, bila ubaya wowote, "Kwani kwenu mtu haombi mara mbili?"

"Huomba," nilimwambia. "Kwetu pia huomba mara mbili."

Alisubiri niendelee. Mke wake akatoka na maji ya kunawa, akatukuta tumesimama hapo, akayaweka chini akarudi ndani.